Pikipiki ya Mjomba na Mlima wa Newala

Kwetu mali ya mtu haiendi kwa watoto wake. Inakwenda kwa wapwa, watoto wa dada zake. Wageni wakielezwa hivyo husema mpwa wa huku amebarikiwa. Hawajui kwamba mpwa hurithi na magomvi pia, na kesi za mipaka ya mashamba, na kwa upande wangu pikipiki moja ndogo iliyolala ndani ya banda la kuku kule Newala, kuku mmoja akiatamia juu ya tangi. Mwenye mali, kaka mkubwa wa mama yangu, alikuwa hai na mzima kabisa. Alisema anagawa mapema ili aone kwa macho yake tutakavyogombana.

Pikipiki ile haikuwa ya hivi hivi. Mjomba aliinunua alipokuwa bwana shamba, miaka ambayo korosho ilikuwa korosho, na katika ukoo wetu ilijulikana kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza wa kijijini kwetu kuupanda mlima kutoka Masasi juu ya injini yake mwenyewe. Habari hiyo ilisimuliwa harusini, ikasimuliwa msibani, na watoto wa jando waliipata pamoja na mafunzo mengine. Watu wako shambani, hawana habari, mara mlio unatokea ghafla nyuma ya mikorosho, na mjomba huyo hapo, amekaa wima, shati limelowa jasho chapachapa. Jasho hilo ndilo lililowamaliza wasikilizaji. Mashine ilikuwa kali kiasi gani, walisema, hata mwanamume kama yule ikamtoa jasho namna ile.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya ziada. Siku niliyokwenda kuanza shule ya sekondari Masasi, mjomba ndiye aliyenibeba. Nilikaa nyuma na sanduku la bati mapajani, nimeushika mkanda wake kwa mikono miwili, tukateremka mlima ule upepo ukinitoa machozi. Baba yangu sikumjua vizuri. Mgongo ule wa mjomba nilioutazama kutoka Newala mpaka Masasi ndio niliouita baba moyoni, na nasema hivyo bila haya.

Baadaye petroli ikawa ya foleni, zao la korosho likaanguka, na mjomba akaiweka pikipiki yake bandani. Lakini hakuiweka bure bure. Nguzo za nyumba yake alikuwa amezipaka mafuta meusi ya maganda ya korosho, yale yanayovuja unapozibanika, na mchwa hawakuzigusa. Mjomba akapiga hesabu ya kisomi: kinachozuia mchwa kitazuia kutu. Akaipaka pikipiki nzima. Alipaka tangi, rimu, spoki moja moja, kiti, mpaka kioo cha taa ya mbele. Miaka ikapita, mafuta yakakauka, yakawa gamba gumu jeusi. Ungeweza kuigonga kwa jiwe na jiwe ndilo lingeomba radhi.

Ndipo ikaja enzi ya ruksa. Kila kitu kikaruhusiwa, wanunuzi wa korosho binafsi wakajaa Tandahimba na Newala, na ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, akaacha jembe akawa mfanyabiashara. Yeye naye ni mpwa kama mimi, haki sawasawa. Alikuja kwa mjomba na mpango kamili: magurudumu ya pikipiki yawe ya toroli, injini ifungwe kwenye mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho, na tangi liwe la kuuzia mafuta ya taa. Alisema hii ndiyo biashara huria. Mimi nikasema huu ni uchinjaji.

Mjomba alitusikiliza huku anakunywa uji, tena kwa raha.

"Mwalimu," akaniambia, maana nilikuwa nafundisha shule ya msingi Masasi, "ichukue. Ukiitengeneza, ukaja nayo mpaka hapa uani kwangu, injini inalia na wewe uko juu yake, ni yako mpaka ufe. Lakini kabla msimu wa korosho haujafunguliwa. Ukishindwa, mwenzako aje na spana zake."

"Kwa injini, siyo juu ya lori," ndugu yangu akakazia.

"Nimesema injini," mjomba akajibu, na akageuka kutafuta sukari.

Nikaiteremsha Masasi juu ya lori la magunia. Kuku alihamishwa pamoja na mayai yake, kwa heshima zote.

Jumamosi na jioni zangu zikaisha kwa lile gamba. Nilianza na kisu, kikapinda. Nikaja na msasa, ukatoka mweusi na gamba likabaki jeusi. Mafuta ya taa yalilifanya ling'ae tu. Mwishowe, mimi mwalimu, mtoto wa wakulima wa korosho, niliyeonywa tangu naota meno nisiguse ganda bichi lisije likaniunguza, nikapata wazo la kulilainisha lile gamba kwa makaa ya moto. Likalainika kweli. Likatoa na moshi. Nilikaa katikati ya moshi ule alasiri nzima nikikwangua na kujisifu.

Asubuhi macho yalikuwa mistari miwili, midomo imevimba, na mikono imetoka malengelenge mpaka kwenye viwiko. Mke wangu alinitazama, akaniuliza kama na watoto wa jirani nao wameshikwa au nimekamatwa peke yangu. Maana huku kwetu uso wa namna ile una maana moja tu: umeingia shamba la mtu, ukabanika korosho zake kwa haraka, ukazibangua kwa meno. Darasani hakuna aliyecheka kwa sauti. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaniambia kwa upole kwamba mshahara ukichelewa tuwe tunaambiana.

Lakini lazima niseme ukweli. Chini ya gamba lile chuma kilikuwa kipya. Rangi nyekundu ya tangi ilikuwa nyekundu vilevile, na spoki ziling'aa. Mjomba alikuwa amepatia. Sehemu nilizozikwangua mwanzo, nilipozirudia wiki mbili baadaye, tayari zilikuwa na kutu, kwa hiyo nilikuwa ninaiharibu kwa bidii kuliko miaka yote ya bandani ilivyoiharibu. Nilikaa chini nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuona kuna nini. Gamba lililobaki, kwenye fremu na chini ya injini, nikaliacha lilivyo.

Injini ilikuwa shida ya aina nyingine. Ringi za pistoni zilikuwa zimekufa. Zamani ungeingia dukani ukakuta rafu tupu na muuzaji mkweli: hakuna. Sasa, kwa neema ya soko huria, maduka ya Masasi yalijaa vipuri mpaka barazani, na muuzaji haondoki kwenye kiti chake. Unamwonyesha ringi yako, anakupa nyingine isiyofanana nayo hata kidogo, anasema, "Hii itaingia tu." Nilinunua ringi za itaingia tu mara tatu. Za tatu zilikuwa za pampu ya maji. Nikazipeleka kwa fundi mmoja wa Nanganga, mzee asiyesema sana, akazipiga tupa siku mbili, akazivisha, akaniambia, "Itatembea. Lakini usiitume kazi nzito, Mwalimu."

Nilimwambia sitaituma. Sikumtajia mlima.

Kabureta nililisafisha kwenye sufuria ya kupikia kisamvu, na kwa wiki moja kisamvu chetu kilikuwa na harufu ya gereji. Nati moja ilipotea, mke wangu akaipata kwenye mchele. Aliiweka kando ya sahani yangu, akaendelea kula. Jioni injini ilipowaka mara ya kwanza, akatoka na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema, "Inakohoa kama mjomba wako." Lakini alikuwa anatabasamu. Nilizunguka uwanja wa shule mara saba. Uwanja wa shule, naomba ikumbukwe, ni tambarare.

Siku tatu kabla ya msimu kufunguliwa, nikaondoka Masasi alfajiri na mashati mawili, daftari la mahudhurio nimeliacha kwa mwalimu mwenzangu. Tambarare yote ilikwenda vizuri. Watu wa njiani walinipungia, nami nikawapungia kwa mkono mmoja kama mtu aliyezoea. Nilishaanza kuitunga hadithi itakavyosimuliwa harusini.

Kisha mlima. Pale barabara inapoinuka, injini ilibadilisha sauti. Nikaweka gia ya kwanza. Nikalala juu ya tangi. Nikaanza kuibembeleza kwa maneno ambayo mke wangu hajawahi kuyasikia. Ringi za pampu zilivumilia kona mbili, ya tatu zikakata tamaa, na pikipiki ikasimama katikati ya barabara, ikitoa moshi mwembamba. Nilipiga kiki mpaka goti likauma. Iliwaka, ikanguruma, na nikiachia klachi tu inazima.

Nikashuka nikaanza kusukuma. Nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo. Nilikuwa nawaza zile spana za ndugu yangu, na tangi lile jekundu limening'inizwa mlangoni mwa duka la mafuta ya taa.

Nyuma yangu wakatokea kina mama watatu waliotoka bondeni kuteka maji, ndoo kichwani, wakipanda mlima uleule bila haraka wala pumzi juu juu. Wakanipita. Yule wa mwisho, mtu mzima, akasimama na ndoo yake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Pole na kazi." Akaitazama pikipiki kuanzia mbele hadi nyuma. "Hii ndiyo ile ya bwana shamba?"

"Ndiyo yenyewe, mama. Mimi ni mpwa wake."

"Haya," akasema, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka maji yakamwagika begani, na maji ya Newala si ya kumwaga ovyo. Sikuelewa kinachomchekesha, nikadhani ni mimi. Akaendelea na safari, na kila baada ya hatua chache nikamsikia anaanza tena.

Nilisukuma kwa muda wa karibu saa mbili. Juu kabisa, hatua chache kabla ya nyumba za kwanza, barabara inatulia, na pana mkorosho mkubwa uliopinda, matawi yake yamelala mpaka chini. Nikasimama nyuma yake. Sikuwa nimepanga uovu wowote, ulinijia wenyewe. Nilipumzika, nikabadili shati, na lile la pili nalo likalowa papo hapo. Nikapiga kiki. Kwenye tambarare injini ikawaka kwa furaha kama haijafanya kosa. Nikapanda, nikakaa wima, nikaingia kijijini huku watoto wanakimbia nyuma yangu, moja kwa moja mpaka uani kwa mjomba.

Ndugu yangu alikuwa amekaa pale na mfuko wa spana miguuni. Hakusimama. Mjomba alisimama. Nilizima injini, nikamwamkia, na yeye akaitikia marahaba huku ameuweka mkono wake, kiganja kizima, juu ya injini. Akauacha hapo. Akaniuliza hali ya nyumbani, hali ya watoto, hali ya masomo, na mkono uko palepale. Injini iliyopanda mlima ule huwezi kuigusa hata kwa kidole. Ile ilikuwa vuguvugu tu kama bakuli la uji. Nilitazama chini. Nilijua amejua, na nilikuwa tayari kumpisha ndugu yangu na spana zake.

"Mbona kalowa hivi?" ndugu yangu akauliza. "Mtu aliyekaa anatokaje jasho?"

"Wewe hujawahi kuipanda," mjomba akamjibu. "Mashine hii ni kali. Uliza watu. Imepanda, tumeisikia wote, maneno yameisha. Nenda ukanunue korosho zako."

Ndugu yangu alifunga mfuko wake, akaondoka akiwa amenuna. Mjomba akasubiri mpaka alipokata kona. Kisha akainama kama anayekagua mnyororo, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Uliwashia kwenye mkorosho uliopinda?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na mimi," akasema. "Pale panatulia. Miaka yote ile, Mwalimu, haijawahi kupanda hata siku moja. Na ilikuwa mpya."

Nilikumbuka ile siku ya sanduku la bati, upepo na machozi, na kwa mara ya kwanza nikagundua kwamba alikuwa amenibeba kuteremka tu. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyompenda wakati wowote. Nikataka kucheka, nikataka na kumkumbatia, na kwa kuwa huku kwetu mpwa hamkumbatii mjomba wake, nikaanza kupangusa tangi kwa shati langu.

Mjomba alipitisha mkono kwenye lile gamba jeusi la fremu, taratibu, akakaa juu ya kiti, akajaribu usukani kushoto na kulia.

"Kesho asubuhi nipeleke Masasi," akasema. "Kurudi nitapanda basi."