Mtani Aliyefungwa kwa Baiskeli ya Mtani Wake

Umeshawahi kuona mtu anafungwa kwa wizi, halafu aliyeibiwa ndiye anayelia mahakamani kuliko ndugu wa mwizi?

Basi kaa hapa nikusimulie.

Kisa ni cha babu yangu mzaa mama, Swalehe, Mmwera wa Lionja. Ni miaka ya hamsini, yale mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu yameshashindwa, matrekta yanaota kutu porini. Swalehe ni tarishi kwenye ofisi ya serikali Nachingwea mjini. Kila alfajiri anapanda baiskeli yake, anafika kazini mwekundu kwa vumbi, shati limeganda mgongoni.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Severini, Mngoni. Huyu alitoka Songea kuja kufanya kazi ya karanga. Karanga zikagoma, yeye akabaki na randa na msumeno wake. Fundi seremala, mikono ya dhahabu, mdomo wa shetani.

Sasa Mmwera na Mngoni ni watani. Watu wa kusini mnanielewa.

Kwa msiojua: mtani anakutukana mbele ya mkweo na wewe unacheka. Anabeba kitu chako anaondoka nacho, na wewe unampelekea kuku ukakikomboe. Ukikasirika, mwenye kasoro ni wewe.

Severini alishaibeba baiskeli ya Swalehe mara nyingi tu.

"We mateka!" anapiga kelele sokoni. "Babu yangu alimteka babu yako, kwa hiyo baiskeli ni mali ya ukoo!"

"Babu yako alikimbia akaacha ngao," Swalehe anamjibu. "Bibi yangu alianikia mtama juu yake!"

Watu hoi. Jioni kuku anachinjwa, wanamla pamoja, kisa kimeisha.

Ndipo akaja Mzungu mpya ofisini. Siku ya kwanza tu akapiga marufuku kuegemeza baiskeli ukutani, eti zinachafua chokaa. Ikabidi walaze baiskeli uwanjani, jua la mchana likizipiga. Mipira ikawa inapasuka ovyo. Mtu anatoka kazini saa kumi, anakokota baiskeli mpaka kwao Ruponda kwa miguu. Na Mzungu huyohuyo analalamika kwamba matarishi wananuka jasho!

Wenzake wakamtuma Swalehe akaseme, maana ndiye alikuwa na ulimi.

"Bwana, tunaomba banda la baiskeli. Na pipa la maji tunawe tukifika, na pembe ya kubadilishia shati."

Mzungu akafikiri. "Na baiskeli zikipotea humo ndani, mtamlaumu nani?"

Swalehe akaona bahati hiyo isimponyoke. "Weka mlango, bwana. Weka na askari. Asiyehusika asiguse."

Hayo maneno, jamani. Babu aliyakumbuka mpaka anaingia kaburini.

Banda likajengwa, bati juu, mlango wa mbao. Na fundi aliyepewa kazi ni nani? Severini.

"Nawajengea mateka zizi," anasema huku anapiga misumari. Swalehe anamshikia ngazi, anacheka.

Kwa kweli walifurahi. Mtu anafika, anaingiza baiskeli kivulini, ananawa uso, anavaa shati safi, anaingia ofisini kama binadamu. Swalehe akawa anapita hapo anakohoa kidogo, wamwone. Banda lake lile.

Ikaja Idi.

Siku ya pili ya Idi Swalehe yuko kazini. Severini akaja, akaingia bandani, akatoa baiskeli ya mtani wake. Mlangoni kulikuwa na askari mgeni, wa bara huko, hajamaliza hata mwezi.

"Wewe, unapeleka wapi hiyo?"

"Mwambie mateka wangu anifuate na kuku. Nipo kwa mama yake."

Huyo akapanda, akaondoka anaimba.

Askari akapiga filimbi.

Walimkuta Lionja, nyumbani kwa Swalehe. Baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa mwenyewe! Severini kakaa mkekani anakula mihogo, na mama yake Swalehe, Bi Mwanawetu, anamwongezea mchuzi.

Bi Mwanawetu aliwapigia magoti askari na upawa mkononi. "Huyu ni mtani wa mwanangu! Wanangu, huyu ni mtani!"

Wakamfunga kamba mbele yake.

Swalehe aliposikia alicheka. Alidhani Severini kawapanga askari ili utani unoge. Alipoletwa rafiki yake uwanjani, damu mdomoni, ndipo akajua huu si utani.

Mahakamani alisimama bila kuitwa.

"Bwana, baiskeli ni yangu mimi. Sijaibiwa. Sijalalamika. Huyu ni mtani wangu, ana haki."

Aliyekaa kwenye kiti cha hakimu ni Mzungu yuleyule; enzi hizo mkubwa wa ofisi ndiye huyohuyo hakimu. Na wala hakufoka. Alieleza polepole, mkalimani akafasiri.

"Baiskeli ikiwa nyumbani kwako, ni yako. Ikiwa ndani ya banda, iko mikononi mwa serikali. Leo nikimwachia mtani, kesho kila mwizi atakuwa mtani."

"Basi nifunge mimi!"

"Swalehe, si ninyi wenyewe mliomba mlango na askari? Asiyehusika asiguse. Ulisema mwenyewe."

Hukumu ikatoka.

Miezi sita, na viboko.

Kila mwezi Swalehe alikwenda gerezani na tumbaku. Kila mwezi aliambiwa mfungwa hataki kumwona. Alijaribu kuacha baiskeli nje ya banda, akaonywa: ingiza ndani au acha kazi. Ana mama, ana mke, ana watoto. Akaingiza. Kila asubuhi akausukuma mlango ule ule ambao Severini aliupiga randa.

Severini alipotoka hakurudi Songea, hakurudi mjini. Alikwenda kukaa Ruangwa, akawa anatengeneza vitanda. Swalehe akamfuata, kafika kwa mbwembwe za zamani:

"We mtoto wa aliyekimbia! Umejificha huku?"

Severini akasimama, akavua kofia.

"Karibu, bwana Swalehe. Habari za nyumbani?"

Bwana! Babu alisema afadhali angemchapa kofi.

Akarudi na matumaini kidogo, lakini. Alijiambia, msiba utamrudisha. Maana kwa watani msiba ndio uwanja. Mtani ndiye anayelala juu ya jeneza hataki litoke. Anaruka kaburini, anasema, "Hapa pazuri, halazwi mtu humu mpaka mnilipe!" Wafiwa wanacheka machozi yanawatoka, ndiyo wanapona.

Bi Mwanawetu alipofariki, habari ikapelekwa Ruangwa.

Severini akaja. Kwa miguu njia nzima, macho mekundu. Akakaa mwisho kabisa wa mkeka.

Watu wanamngoja. Maiti imeoshwa, jeneza limeshikwa, na mtani kanyamaza kama mgeni. Wazee wakaanza kutazamana.

Swalehe hakuweza tena. Alikwenda uani, akaileta ile baiskeli, akaisimamisha mbele ya Severini.

"Ichukue. Mateka wako nakuomba. Mama yangu anaondoka kimya hivi? Aliyekupa mihogo? Ichukue, Severini, ondoka nayo!"

Severini akaitazama baiskeli. Mkono ukanyanyuka, ukakaribia kabisa usukani.

Akaurudisha mapajani.

"Niandikie barua kwanza, bwana Swalehe," akasema. "Ya kwamba umeniruhusu. Na watu wawili watie saini."

Hakuwa anatania.

Bi Mwanawetu akazikwa kimya kimya, hakuna aliyecheka. Severini alitupa udongo wake, akaaga kila mtu kwa heshima, akaondoka. Hawakuonana tena.

Funzo mnalo wenyewe, ila mimi nasema hivi: ukiomba mlango, uliza kwanza ni nani atakayefungiwa nje. Mvua na jua utavikimbia, lakini mtu akishakuogopa humrudishi kwa kumbembeleza.

Babu aliacha kazi baadaye. Baiskeli akaiegemeza nje ya nyumba, upande wa barabarani, bila kufuli, usiku na mchana, miaka na miaka.

Ililiwa na kutu palepale. Hakuna aliyekuja kuichukua.