Dola ya Mayu Niliyoiosha kwa Tindikali

Jamani, kuna aibu unazozisimulia siku ya pili mkacheka, na kuna aibu unazozikalia mwaka mzima huku unajifanya huumwi. Hii yangu nimeikalia mwaka na miezi, na leo naisema mwenyewe kwa sababu watu wa mtaani kwetu Ngokolo wanaisimulia vibaya, wananiongezea na mambo ambayo sikuyafanya, kana kwamba niliyoyafanya hayatoshi.

Mimi ni broka wa dhahabu, wengi mnanijua, kameza kangu kako machimboni Mwakitolyo, pana mizani, chupa ya tindikali na sumaku. Mchimbaji akileta mzigo wake naupitishia sumaku uachane na mchanga wa chuma, halafu naichemsha dhahabu kwenye tindikali ili ile silva iliyojificha ndani yake iyeyuke itoke, dhahabu inabaki imetakata, napima, namlipa, na jioni inaondoka kwenda kwa mkubwa wangu. Miaka ishirini dhahabu inapita mikononi mwangu na hakuna hata punje iliyowahi kulala kwangu. Nadhani ndiyo maana nikapenda dola.

Sisemi hizi za noti. Nasema zile dola za zamani za Kimarekani, za silva, pana kuliko kifuniko cha soda. Ukiiweka kiganjani unasikia uzito wake umetulia, upande mmoja kuna mwanamke mwenye taji la miale na nywele zinazopeperuka, upande wa pili kuna tai amekaa juu ya jabali anatazama mbali kama anayemsubiri mtu, na chini mwaka, mwaka ambao hata babu yangu alikuwa hajaota ndevu. Nilikuwa nazo tano. Nilizinunua mojamoja, nyingi kwa bwana mmoja wa Geita mwenye maneno laini, aliyesema zimetoka kwa wamisionari wa zamani (mke wangu aliuliza ni wamisionari gani hao wasioishiwa vitu, nikamwambia hajui historia). Jumapili nilizitoa kwenye kopo la maziwa, nikazipanga juu ya kitambaa, na kila mgeni aliyekosea njia akaingia kwangu nilimhubiria kwamba sarafu ya zamani haisafishwi, ule weusi ndio umri wake, ukiuondoa umeiua. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye simu, na niliyasema kwa sauti ya mwalimu mkuu. Naomba myakumbuke.

Ugonjwa wenyewe niliupata kwa mama yangu. Mayu, ndivyo tunavyomwita, kwa maana kwao ni Kishapu na nyumbani kwetu Kisukuma hakijawahi kuondoka, alikuwa na dola moja tu, na hiyo ndiyo ilikuwa mahari yake. Marehemu baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa almasi upande wa Songwa. Mmarekani mmoja aliyekuja kufunga mashine akamwachia ile sarafu kama kumbukumbu, na baba alipokwenda kuoa akaulizwa ana nini, alikuwa na hiyo. Mayu aliifunga kwenye pindo la kanga na hapo ikakaa miaka zaidi ya hamsini. Akiwaza jambo utaona kidole gumba kinaisugua. Yule mwanamke wa kwenye sarafu alimwita mke mwenzangu, anasema baba aliwaoa siku moja wote wawili, na baba alipofariki akaendelea kumwita hivyohivyo, ila utani ukapungua. Macho yake sasa yana ukungu, hamwoni, anamjua kwa kidole.

Basi mwanangu Idrisa akapata mchumba, Zena, binti wa hapahapa Ngokolo. Akaulizwa anataka mahari gani. Tukakaa roho juu, maana siku hizi mabinti wanataja kitanda, friji na milioni juu yake. Zena akasema anataka dola ya Bibi, kama Bibi ataridhia. Mayu akafungua pindo la kanga mwenyewe, akanipa mimi niitunze mpaka siku ya ndoa, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Mtaalamu.

Asubuhi ya siku ya ndoa nikaitoa niitazame. Ilikuwa nyeusi tii. Nikamfikiria mpiga picha wa video tuliyemlipa, ambaye angeisogezea kamera, nikawafikiria wakwe na ndugu zao wote wa kwenye dhahabu, na mimi broka mzima natoa mahari yanayofanana na kifuniko kilichookotwa jalalani. Nikasema niing'arishe kidogo tu. Limao lilikuwepo, majivu yalikuwepo. Lakini mkono wa mtu huenda ulikozoea, na wangu miaka ishirini, ukiona kitu kichafu, unakwenda kwenye tindikali. Chupa huwa narudi nayo nyumbani, nikamimina kwenye kikombe, nikaitumbukiza, nikaanza kusubiri, na hapo akabisha hodi jamaa wa turubai, eti nguzo zimepungua, nikatoka kubishana naye huko nje kama nusu saa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapojichukia. Nimewaambia kazi ya tindikali ni nini pale mezani kwangu. Inakula silva. Ndiyo kazi yake, ndiyo ninayoinunulia, hata mtoto wa Mwakitolyo anajua. Lakini kichwani mwangu silva ni uchafu unaotolewa kwenye dhahabu, na dola ni dola, mwanamke na tai, na hata mara moja sikuwahi kuviweka viwili hivyo pamoja. Niliporudi, chumba kilikuwa na moshi wa rangi ya kutu na kikombe kimejaa maji ya kijani. Nikaiopoa kwa koleo. Ilikuwa nyembamba, imeliwa pembeni, ina vishimo. Uso haukuwepo. Upande wa pili palibaki kama bawa, ukijua kwamba palikuwa na tai.

Nilikaa sakafuni. Ningekwenda pale pale kwa Mayu nikamwambia, mkasa ungeishia chumbani kwetu, mimi na mama yangu. Badala yake nikalifuata kopo la maziwa. Nikachagua moja katika zile tano zangu, yenye mwanamke yuleyule na tai yuleyule, nikaiweka kwenye kiboksi cha mahameli. Nikajiambia wataona imeng'arishwa, basi. Ile iliyoliwa nikaifunga kwenye karatasi laini nikaitia mfukoni mwa kanzu, kwa sababu sikuweza kuiacha peke yake.

Alasiri turubai limejaa, shehe yupo kwenye mkeka na kipaza sauti, Idrisa kavaa joho, wanawake wako ndani ya nyumba wanasikiliza kwa spika. Walii wa Zena, yaani msimamizi wake wa kumwozesha, alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Kulwa, broka mwenzangu, meza zetu Mwakitolyo zinatazamana. Shehe akauliza kama mahari yapo, nikasema yapo, nikatoa kiboksi kwa madaha ambayo nikiyakumbuka usiku nageukia ukutani. Mzee Kulwa akafungua, akatabasamu, akainua dola. Na hapo, wallahi hakuwa na nia mbaya, ni mazoea, kwetu hakuna anayepokea kitu mkononi bila kukipima hata kama kimetoka kwa ndugu yake, mkono wake wa pili ukachomoa funguo zenye kisumaku.

Tak. Spika zikaibeba mpaka barabarani.

Akaivuta, haikubanduka vizuri. Akainua sumaku juu, dola ikaning'inia, tai kichwa chini. Alishangaa yeye kuliko sisi sote, na alisema kwa upole, amesahau kwamba kipaza sauti kiko mbele yake.

"Baba Idrisa, silva haishiki sumaku."

Wachimbaji waliokaa nyuma hawakuhitaji tafsiri, wakaanza kucheka, mmoja akasema hilo ni bati, na mpiga picha akasogea karibu maana ndiyo kazi niliyomlipa. Lakini kilichoniumiza si kicheko. Idrisa aligeuka akanitazama, na niliona anajiuliza kama baba yake amejaribu kumwozesha kwa mahari ya uongo mbele ya Mungu. Shehe akafunga kitabu. Akasema ndoa isubiri mpaka ijulikane binti aliahidiwa nini na anapewa nini.

Mlangoni akatokea Mayu na fimbo yake. Akauliza kuna nini, wote wakanigeukia mimi. Nikatoa ile karatasi mfukoni. Nikasema yote palepale, tindikali, kikombe, nguzo za turubai, kopo la maziwa. Sijui nilisema vipi, ninachokumbuka ni kwamba spika zilikuwa zinairudia sauti yangu na ilikuwa sauti ya mtoto.

Mayu alinyoosha kiganja, nikamwekea. Kidole gumba kikapita juu yake mara moja, kikarudi, kikatafuta pembeni, kikarudi tena katikati.

"Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "mke mwenzangu umempeleka wapi?"

Watu wakacheka, wakadhani bibi anatania kuokoa harusi. Mimi nilikiona kidole chake.

Mashahidi wakaingia ndani kumuuliza Zena. Wakarudi na jibu kwamba aliomba dola ya Bibi, na kama hiyo iliyoliwa ndiyo ya Bibi, ameridhia. Shehe akafungua kitabu, ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, na mimi nilihudumia wageni nikiwa nimeinamisha kichwa kama niliyeajiriwa. Idrisa alichukua wiki tatu kuniamkia shikamoo inayotoka moyoni.

Kesho yake nilifanya kile ambacho kila siku namfanyia mchimbaji maskini na ambacho sikuwahi kuwafanyia wapenzi wangu wa kwenye kopo, nikazipitishia sumaku dola zangu zote tano, pamoja na ile niliyorudishiwa kwenye kiboksi. Nne zilinata. Punje ya mtu naipima mara tatu, na hizi nilizipenda nikaona kuzipima ni kuzikosea adabu. Moja tu haikushika. Nikaipeleka kwa Mayu, nikapiga magoti, nikamwambia aifunge kwenye kanga, mwanamke ni yuleyule, taji ni lilelile. Akaisugua kwa kidole muda mrefu.

"Huyu simjui," alisema. "Mrudishe."

Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, hata kidogo hafanani? Akaniambia ule weusi niliouona mimi ulikuwa wa mikono yake, na mwingine wa baba.

Nimeirudisha kwenye kopo. Ina weusi wa watu nisiowajua, na maadamu niko hai hakuna atakayeusugua. Mayu bado akiwaza jambo kidole gumba kinakwenda kwenye pindo la kanga, na pindo ni tupu.