Neno Kupasua

Tulikuwa tumevuka mto Rusizi kukimbia vita vya Bukavu, na mdogo wangu wa miaka sita alihitaji kupasuliwa ngiri. Daktari mgeni aliyekuja hospitalini Cyangugu angeondoka jioni ileile. Muuguzi akawasha televisheni, akatuwekea video ya Kifaransa ya kuwatoa watoto hofu: daktari anamtibu mwanasesere. Akatutafsiria kwa furaha:

"Na sasa banamupasua."

Mdogo wangu akakumbatia nguzo ya kitanda, akapiga kelele. Neno hilo alizoea kulisikia kuhusu kuni na, tangu vita vianze, kuhusu watu. Daktari akachungulia mlangoni, akatazama saa yake.

Maman akarudisha kaseti nyuma. "Angalia, papa," alimwambia mwanawe, kwa jina tunalowabembelezea watoto wa kiume. "Daktari iko na shoka?"

"Hapana."

"Iko na nini?"

"Sindano. Na uzi."

"Basi anashona. Batakushona kama shati. Shati inaliaka?"

"Shati haina mudomo!" alifoka, lakini mikono yake ilikuwa imeshalegea.

Aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake. Mlango ulipofungwa, Maman alikaa sakafuni.