Kifurushi cha Ijumaa Isiyokuwepo

Kama unatafuta mtu wa kukubali tu yaishe, usiende kwa Fuatino Leavasa. Mama huyu amekaa miaka kumi na minane katika chumba cha nyuma cha bohari ya dawa hapa Apia, mji mkuu wa visiwa vyetu, chumba chenye feni moja inayolalamika na dirisha linalotazama jenereta, na katika miaka yote hiyo hakuna bosi aliyewahi kumlazimisha jambo akafanikiwa. Haambiliki, hasemezeki. Lakini kazi yake, wewe acha tu.

Kazi yenyewe ni hii. Zahanati za vijijini huhesabu dawa kwa programu moja ya kompyuta, na programu hiyo, pamoja na orodha ya dawa zote na vipimo vyake, Fuatino ndiye aliyeilea. Kila Ijumaa hukaa mbele ya kioo cheusi kisicho na picha hata moja ya kubofya, akaandika mstari mmoja wa amri, akabonyeza enta. Mashine hukusanya vipande vyote, ikavifunga kuwa kifurushi kimoja, ikakigonga muhuri wa namba na tarehe, kisha ikakiweka katika hifadhi pamoja na wenzake. Nakala hutiwa kwenye flashi, flashi ikatiwa kwenye kopo la biskuti, na kopo likapanda feri kwenda kisiwa cha Savaii. Vijana waliotoka chuoni walimcheka kwamba anaiandikia kompyuta barua kama watu wa kale. Aliwajibu kwamba picha ni za watoto, mtu mzima husema anachotaka.

Hakuwahi kukosa Ijumaa. Ijumaa Kuu, yeye akiwa kanisani, mashine ilijifungia yenyewe kwa amri aliyoiachia tangu Alhamisi. Mwaka ule kimbunga kilipong'oa mabati ya nusu ya mji, alifunga kifurushi kwa kompyuta ya mkononi iliyochomekwa kwenye betri ya gari la shemeji yake, maji yamemfika kwenye vifundo, lavalava, shuka lake la kiunoni, kalipandisha magotini. Na hakuna kifurushi alichokitupa. Watu walimuuliza vikuukuu hivyo vya nini. Vya nini? Zahanati zina kompyuta za kila umri, nyingine ni sadaka za makanisa, na kompyuta kuukuu haimezi kifurushi kipya. Kila mashine ina mwaka wake wa mwisho, ikivuka hapo inagoma. Kwa hiyo manesi wote wana kanuni moja waliyoizoea kama sala: chukua kifurushi cha mwisho cha mwaka ambao mashine yako inaukubali.

Juni ya mwaka 2024 akaja Bwana Dunstan kutoka Auckland, mkaguzi wa wafadhili. Kijana mpole, shingo imeiva kwa jua, wa kusema asante hata kwa kusogezewa kiti. Alikuja na programu yake ya kukagua hifadhi, na sharti lilikuwa moja tu. Hifadhi isiyo na pengo ingeendelea kutunzwa. Yenye pengo ingefutwa, chumba cha Fuatino kifungwe, na zahanati zote zihamie kwenye mfumo wa mtandaoni ulioko ng'ambo. Mtandaoni, eti. Magharibi ya Savaii mtandao ni mgeni asiyebisha hodi wala kuaga, na aliyekaa huko mjini akapanga hivyo hajawahi kumtafuta.

Na wiki hiyo hiyo Nesi Lanuola, wa zahanati moja ya huko magharibi, alikuwa amepiga simu. Kompyuta yake imekufa. Mchungaji amempa nyingine kutoka stoo ya kanisa, na hiyo mwaka wake wa mwisho ni 2011. Alikuwa anasubiri kopo kwa feri ya Jumatano, maana bila orodha ile alikuwa anakisia dozi za watoto kwa kumbukumbu, na alisema wazi kwamba anaogopa.

Jumanne asubuhi Bwana Dunstan akaendesha ukaguzi wake, Fuatino amesimama kulia, na kushoto Aukuso, mkuu wa bohari. Aukuso alianza kazi katika chumba kile kile, na kila anachojua kuhusu kioo cheusi alifundishwa na Fuatino, ndiyo maana mpaka leo, na ubosi wake wote, humwita dada. Kioo kikaleta jibu. Ijumaa 963, vifurushi 962, pengo moja: tarehe 30 Disemba 2011.

Fuatino alicheka mpaka akashika meza. Nani hapa asiyeijua tarehe hiyo? Ndio mwaka nchi yetu ilipohama upande wa kalenda, ili siku zetu zilingane na za Auckland na Sydney tunakofanyia biashara. Tulilala Alhamisi tarehe 29, tukaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ikapotea katikati, hakuna aliyeiona. Shangazi yake Fuatino, aliyezaliwa tarehe 30, mpaka leo anadai ana mwaka mmoja pungufu ya ule ulioandikwa kwenye cheti, na ole wako umbishie.

Bwana Dunstan hakucheka. Alisema habari hiyo ameisikia, Aukuso alimweleza njiani, na yeye binafsi anaiamini. Tatizo ni kwamba programu yake inahesabu Ijumaa, haina mahali pa kuandikia hadithi. Akashauri, kwa upole wake ule ule, kwamba wafunge kifurushi kitupu tu, wakigonge tarehe hiyo, wakiingize kwenye hifadhi. Dakika mbili, mambo yamekwisha, kila mtu na amani yake.

"Ijumaa hiyo wewe ulikuwa wapi?" Fuatino akamuuliza.

Kijana akafikiri kidogo. "Nadhani nilikuwa ufukweni na wazazi wangu."

"Basi wewe ulikuwa nayo. Sisi hatukupewa. Siwezi kufunga kazi ya siku ambayo Mungu hakunipa."

Aukuso akamshika mkono akamtoa kwenye korido. Alimsihi kwa sauti ya chini, jasho linamtoka. Alimkumbusha kwamba chumba kikifungwa hakuna atakayekifungua tena, kwamba wafadhili hawabembelezwi, kwamba yeye Aukuso amepigania hifadhi ile kwenye vikao ambavyo dada hakuwepo. Hapo alikuwa anasema kweli, na Fuatino alijua.

"Dada, heri nusu shari kuliko shari kamili. Kifurushi kitupu kitamuumiza nani?"

"Kitamuumiza Lanuola," Fuatino akasema. "Anangoja kifurushi cha mwisho cha mwaka 2011. Cha mwisho ni cha tarehe 23. Ukiweka hicho chako cha tarehe 30, ndicho kitakuwa cha mwisho. Atakifungua akute nini? Hewa. Hewa yenye muhuri wangu."

"Tutampigia simu tumwambie asikiguse."

"Na atakayekuja baada ya Lanuola? Na mimi nikishazikwa, nani atakuwa anapiga hizo simu? Aukuso, nikidanganya kimoja tu, hivi mia tisa na kitu vilivyobaki nani atavisadiki?"

Hapo Aukuso akakasirika. Alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba kama dada ameamua kuzama na chombo, yeye ana watu wengine wa kuwafikiria. Atakifunga mwenyewe. Akarudi ndani akasimama nyuma ya kiti cha Fuatino, kiti chenye mto alioushona mwenyewe.

Fuatino aliogopa, tusidanganyane. Angeweza kuchomoa waya, angeweza kupiga kelele bohari nzima ikaja. Aliwaza miaka kumi na minane inafutwa kwa kidole kimoja cha mgeni mwenye adabu, halafu akawaza mtoto wa kijijini na kijiko cha dawa kilichopimwa kwa kukisia, na hofu ikageuka hasira. Liwalo na liwe, ila uongo huo bosi augonge kwa vidole vyake mwenyewe. Akavuta kiti nyuma.

"Kiti hicho. Kaa. Lakini mimi ninasimama hapa hapa, nakuangalia vidole."

Aukuso akakaa. Mstari wa amri alikuwa bado anaukumbuka, alifundishwa vizuri. Akaandika jina la kifurushi, akaandika tarehe, akabonyeza enta. Mashine ikafikiri kidogo, ikajibu kwa maneno mawili: tarehe batili.

Akadhani amekosea herufi. Akaandika upya, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tarehe batili. Akajaribu 29, ikakubali. Akajaribu 31, ikakubali. Akavifuta vyote viwili haraka, akarudi kwenye 30. Ikakataa. Jasho likamdondokea kwenye kibodi.

Bwana Dunstan akainama karibu. Alimuuliza Fuatino kama ameifungia mashine tarehe hiyo. Fuatino naye alikuwa ameduwaa. Hakuwa amegusa kitu, na kwa miaka yote hakuwahi kujua kwamba mashine yake ina ukaidi huo. Angejuaje? Hakuwahi kujaribu kugonga muhuri wa siku ya uongo. Lakini kichwa chake ni chepesi, na jibu lilimjia kabla ya wenzake.

"Saa ya mashine hii ni ya Apia," akasema. "Inajua kilichotokea hapa. Na hata hiyo yako, bwana, inajua. Hukuiuliza tu."

Aukuso akanong'ona kwamba saa inaweza kubadilishwa, ikawekwa ya Auckland kwa dakika moja.

"Hapana," akasema Bwana Dunstan.

Alisema hilo moja tu. Akavuta kompyuta yake, akafungua programu yake ya ukaguzi, akatafuta mstari wa saa, ulioandikwa Auckland. Akafuta neno hilo, akaandika Apia. Akabonyeza enta. Ijumaa 962, vifurushi 962, pengo hakuna.

Kijana akaomba radhi vizuri, uso umemwiva kuliko shingo, akasema angepaswa kuanza hapo. Fuatino hakumpa maneno ya kumfariji. Alimwambia angepaswa, ndiyo, kisha akamwomba Aukuso amwachie kiti chake, maana feri haimngoji mtu. Akatoa nakala ya kifurushi cha tarehe 23 Disemba 2011, akaitia kwenye flashi, akaitia kwenye kopo, akalifunga kopo kwa utepe kuzunguka mara tatu.

Alhamisi Nesi Lanuola akapiga simu. Kimefunguka, akasema, na orodha yote imo, mpaka dawa za maji za watoto na kijiko chake. Alilia kidogo kwenye simu. Fuatino akamgombeza kwamba anamaliza salio.

Ijumaa Aukuso akaja chumba cha nyuma. Kwetu aliyekosa hujifunika mkeka mzuri kichwani akakaa mbele ya nyumba ya aliyemkosea mpaka asamehewe. Aukuso mkeka hakuubeba, ila alibeba panikeke, maandazi yetu ya mviringo, za moto kwenye karatasi, akasimama mlangoni bila kuingia. Akasema dada, nimekuja kuomba radhi. Fuatino akala moja, akala ya pili, akajifuta vidole kwenye lavalava, akamwacha asimame.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila siku nyingine ukitaka kukalia kiti changu, uje na siku yako mwenyewe."

Kisha akageukia kioo cheusi, akaandika mstari wake mmoja, akaiangalia tarehe mara mbili, na akafunga kifurushi cha 963.