Maharagwe ya Mwezi wa Tisa

Mpaka leo sijamsamehe yule mzee wa Kibelgiji, na sina mpango wa kumsamehe. Hakutuibia wala hakututukana. Alinyamaza tu.

Vita vilipomtoa Kivu, mama yangu alikuja kukaa nami Brussels, mtaa wa Evere, ghorofa ya tano. Mzigoni mwake mlikuwa na fundo la kitenge, na ndani yake maharagwe ya mbegu ya bibi yangu: mekundu, meusi, ya njano, yenye madoadoa, yote pamoja. Kwetu milimani kila nyumba ina mchanganyiko wake. Binti hupewa akiolewa, na sokoni hauuzwi. Bibi aliuawa, na mlima ule ulibaki bila watu. Kwa hiyo mbegu ile haikuwapo tena mahali popote isipokuwa juu ya kabati langu la vyombo.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wabelgiji nao walimpa mama lake: kipande cha bustani kando ya reli, katikati ya wastaafu wanaolima kabichi na liki, vile vitunguu virefu vyeupe. Mwezi wa tisa mvua ikaanza. Kwetu mvua ya mwezi wa tisa ndiyo inayokuita shambani, na anayechelewa anachekwa. Mama akafungua fundo.

Nilimwambia baridi inakuja.

"Weye unafagiaka mabiro kule Gare du Nord," akanijibu, maana kazi yangu ni kufagia ofisi karibu na stesheni hiyo, "unajua nini ya maharagi? Kwetu ku milima hakukuwaka baridi? Bon, tazama ule muzee. Ye ni mulimaji. Kama iko mubaya, atasema."

Mzee huyo alilima ng'ambo ya waya. Kwetu humpiti mtu anayelima bila kumpa pole ya kazi, na ukiona anakosea unamwambia, hata kama ni mkweo. Ukinyamaza, umekubali. Mama aliusoma ukimya wa mzee kwa akili hiyohiyo. Alikuwa akisimama, ameegemea uma wake wa kulimia, anamtazama mama akifukia mbegu, kisha anasema, "Bonjour, madame," na kurudi kwenye kabichi zake. Mama alirudi nyumbani akiimba.

Maharagwe yaliota vizuri sana, hilo ndilo linaloniuma. Yalitoa hata maua machache.

Siku ya Watakatifu Wote basi letu lilijaa watu waliopakata maua ya vyungu. Mama akauliza wanayapeleka wapi. Nikamwambia ni ya makaburi, leo kila mtu anakwenda kwa wafu wake. Bibi hana kaburi tunalolijua. Mama alitazama dirishani, halafu akasema, "Alors, na mie niende kwa mama." Tukashukia bustanini, akapalilia mpaka vidole vikafa ganzi.

Siku chache baadaye baridi ilikuja usiku na kugandisha kila kitu. Asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Mama hakulia. Mkulima wa kwetu hapandi mbegu yote. Hubakiza konzi moja, ili mvua ya mawe ikipiga shamba apande tena siku ileile. Jioni nilipotoka kazini alinisimulia, tena kwa furaha, kwamba konzi ile ameipanda. Mzee alikuwapo, mama akasema. Alikuwa akifunika liki zake kwa majani makavu. Alimwona mama amepiga magoti kwenye udongo ulioanza kuganda, akitia punje mojamoja.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Bonjour."

Karibu na sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, tulikwenda pamoja. Mama akachimbua kwa kijiti. Punje zilikuwa zimeoza, zikapondeka mkononi mwake. Hapo ndipo mzee alipotujia na liki ndani ya gazeti, zawadi. Akaeleza kwa Kifaransa cha upole kwamba hapa maharagwe hupandwa mwezi wa tano, baridi ikishakwisha kabisa. Alijua tangu siku ile ya kwanza kwamba hayatafika mavuno.

"Lakini sikutaka kuingilia mambo ya watu," akasema.

Nikamtafsiria mama. Akamgeukia mzee.

"Umwambie," akasema, "mwezi wa tano nitapanda nini?"

Nikamwambia, na sauti sikuipunguza. Mzee alitahayari. Akasema mbegu zinauzwa dukani, tena bei ndogo. Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka, na upole wake ukazidi kunichoma. Ningemwona mtu mbaya, ningepumua. Mama alizipokea zile liki kwa mikono miwili, kwa sababu amelelewa.

Mwezi wa tano tulikuta pakiti ya mbegu imefungwa kwenye waya. Maharagwe meupe, yote sawasawa. Mama aliyapanda, yakazaa kupita kiasi. Aliyavuna, akayapika, akawagawia majirani wa ngazi yetu, na mzee naye akapelekewa bakuli lake. Chungu kilipokwisha nikamuuliza mbona hakuweka hata konzi moja ya mbegu.

"Ya nini?" akasema. "Hii ni chakula tu."