Ijumaa Katika Kanisa la Kale

Nilikuwa mpishi wa madam mmoja Mwingereza huko Dubai, na stashahada yangu ya hoteli nilijilipia mwenyewe. Kiangazi kimoja akanichukua likizo kijijini kwao Uingereza. Mwenzangu wa chumba mtaani Al Nahda, Dubai, Mganda ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua, alinisihi nimwombee katika kanisa la huko, lenye umri wa miaka mia nane.

Ijumaa nikavaa suti, nikaenda. Nilikuta baridi kama ya friji, kuta zenye ukungu na bibi mmoja akibadilisha maua.

“Ibada ni Jumapili,” akaniambia. “Tena mara moja kwa mwezi.”

Dubai miaka hiyo tulisali Ijumaa, siku ya mapumziko. Kumbe nilishasahau Jumapili! Na Jumamosi tulikuwa tunaondoka.

Niliporudi Dubai, Mganda akanidaka mlangoni. “Bosi, kwaya yao vipi?”

“Kwaya gani? Sisi kanisani kwetu Oud Metha tunasimama juani kwa kukosa nafasi. Wao wana mabenchi matupu na popo.”

“Na mke wangu?”

“Nilimwombea peke yangu, kwa sauti. Mungu hakuwa na mwingine wa kumsikiliza mle ndani.”