Fundo la Gahungu

Siku ya kwanza kumwona Gahungu, mwaka 1996, alikuwa akishuka kutoka Kalinzi na baiskeli yenye magunia mawili ya viazi, na juu ya viazi mbuzi hai amefungwa. Alisimama mbele ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, Ujiji. Yule mbuzi alikuwa anatafuna taratibu kama yuko kwao. Mimi si mtu wa maneno, nikabaki kutazama.

"Kaka, unatazama mbuzi au unatazama fundo?"

"Fundo," nikasema.

"Basi wewe ni fundi."

Alikuwa mkimbizi wa Burundi. Alipopata kibali cha kukaa mjini, tukagawana kibanda. Mzigo aliofunga yeye, kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, haukuanguka hata mara moja. Wauza ndizi walitoka Katubuka wafungiwe na yeye tu.

Jambo lililomsumbua lilikuwa moja. Siku ya kukimbia alimwambia dada yake, Fébronie, amngoje ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Njia ikafungwa, hakufika. Fébronie alingoja mpaka mtumbwi wa mwisho, akavuka bila yeye. Baada ya miaka tisa ikaja barua kupitia Msalaba Mwekundu: Fébronie yuko hai, Ufaransa, mji wa Blois.

Daktari Odile, Mfaransa wa kambi ya wakimbizi tuliyemtengenezea baiskeli, alizisikia habari hizo. Yeye na mumewe likizo zao huzimalizia kwenye baiskeli: wanapanda treni nazo, wanashuka, wanaendesha kando ya mto Loire mpaka wachoke, wanalala, kesho treni tena. Akamshughulikia Gahungu karatasi za safari. "Utaendesha nasi," akamwambia. "Blois iko njiani."

Fébronie akaandikiwa siku na saa ya treni. Gahungu akaniambia, "Dismasi, safari hii akinisubiri atanikuta."

Aliyoyakuta huko alinisimulia mwenyewe. Kwenye behewa kulikuwa na ndoano za kutundikia baiskeli. Daktari Odile akasema ndoano zinatosha. Gahungu hakumwamini. Treni yetu ya Kigoma inarusha mpaka ndoo, nani asiyejua? Wenzake walipokwenda kukaa, akatoa mipira yake, akazifunga baiskeli zote tatu kwenye chuma, mafundo ya mbuzi wa Kalinzi.

Na treni yetu ikisimama, mtu anashuka, ananunua samaki, anasalimia shemeji, anarudi bado imesimama. Kwa hiyo walipoingia Blois hakuwa na haraka. Treni ile ilisimama dakika mbili. Odile anavuta mpira huku, mumewe kule, mafundo hayafunguki, na kisu cha Gahungu kilikuwa kimechukuliwa uwanja wa ndege. Milango ikafungwa. Kupitia kioo alimwona mwanamke amejifunga kitenge, anayakagua mabehewa moja moja. Akagonga kioo. Mwanamke hakugeuka.

"Fundo langu mwenyewe, Dismasi," alisema. "Ningelilaumu la nani?"

Walifaulu kufungua karibu na kituo kilichofuata, Amboise. Odile akasoma ubao: treni ya kurudi ni baada ya saa moja na nusu.

"Blois ni kilomita ngapi?" Gahungu akauliza.

"Thelathini na tano."

"Kuna mlima?"

"Hakuna."

"Na mzigo sina," akasema, akapanda. Mume wa Odile alimfuata mpaka daraja la kwanza, akamwona mgongo, kisha hakuuona tena.

Alipofika stesheni alikuta benchi zote tupu isipokuwa moja. Fébronie alikuwa amekaa na mkoba mapajani.

"Musaza wanje," alisema, kaka yangu. "Treni tatu zimepita."

"Ulijuaje nitakuja?"

"Sikujua. Safari hii nilikataa kuondoka."

Walikaa pamoja siku nne. Odile na mumewe waliendelea na mto wao.

Aliporudi Ujiji, alifunga mizigo kwa namna nyingine. Ilikazwa vilevile, lakini kila fundo aliliachia ncha nje. Ukiivuta mara moja linafunguka. Wauza ndizi walimtania kwamba Wazungu wamemharibu. Aliwajibu, "Nyie hamjawahi kushuka Blois."

Mwaka 2008 wakimbizi walipokuwa wanarudi kwao, alikataa lori la kuwarudisha. Alitaka kuuvuka mpaka wa Manyovu kwa baiskeli yake. Asubuhi hiyo mzigo nilimfungia mimi, na yeye akasimama pembeni kama mteja. Nilipomaliza akashika ncha niliyoiacha nje, akaipima bila kuivuta.

"Vizuri," akasema. "Sasa naweza kushuka popote."